Kimya si nafuu: mwongozo kamili wa kupima matokeo ya tiba ya afya ya akili kwa watoto waliokinzana na sheria

Mvulana wa miaka 15 alikaa mbele yangu, mikono kaibana katikati ya magoti. Nilikuwa namsomea dodoso, swali baada ya swali, naye anajibu: "Si kweli." "Kweli kidogo." "Kweli kabisa." Tukafika kwenye swali linalouliza kama huwa anachukua vitu visivyo vyake, nyumbani, shuleni au kwingineko. Akanyamaza. Akautazama mlango, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Dokta, hii karatasi inakwenda kwa hakimu?"

Kesi yake ilikuwa ya wizi na ilikuwa haijasikilizwa. Sikuwa na jibu la uhakika, kwa sababu siku ile sikujua faili langu lingeishia wapi. Nikaiweka kalamu chini, tukaongea habari za mpira, nikaahidi kurudi baada ya wiki. Swali ambalo kwenye kliniki ya kawaida halina madhara, kwake lilikuwa sawa na kuombwa akiri kosa bila wakili kuwepo. Tangu siku hiyo sijaanza kupima matokeo ya tiba mahali popote kabla ya kujua karatasi ni ya nani.

Mwongozo huu nauandika kwa wauguzi wa afya ya akili, maafisa ustawi wa jamii, madaktari na walezi wanaohudumia mahabusu za watoto kama zile za Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya, na pia Shule ya Maadilisho Irambo. Wenzetu wa Kenya, walio katika shule za urekebishaji kama Wamumu na Kirigiti au Borstal (gereza la vijana) ya Shimo la Tewa, watabadilisha majina ya sheria tu. Kazi ni ile ile. Hauhitaji kompyuta. Unahitaji daftari, kadi ngumu, kabati lenye kufuli na dakika 20 kwa kila mtoto.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili: tunapima utulivu, tunadhani tumepima nafuu. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele usiku sasa halii, na kwenye kitabu cha zamu inaandikwa "anaendelea vizuri". Huenda kweli amepata nafuu. Huenda klopromazini, dawa ya kutuliza akili aliyoandikiwa, inamlaza mpaka saa nne asubuhi. Huenda amejifunza kuwa anayelia hupelekwa chumba cha peke yake. Na huenda sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, imemzidi hata nguvu ya kulia hana. Hali zote nne huzaa sentensi moja kwenye kitabu. Kila hatua iliyo hapa chini inalenga kuzitenganisha hali hizo nne.

Hatua ya 1: Amua karatasi ni ya nani

Mtoto aliye mahabusu anaandikwa na watu wengi. Polisi wana jalada lao. Afisa ustawi wa jamii anaandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya Mahakama ya Watoto iliyoundwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Daktari anaweza kuagizwa na mahakama aeleze hali ya akili ya mtoto. Hizo zote ni karatasi za kesi. Kadi ya matokeo ya tiba ni karatasi ya mgonjwa, na ikichanganyika na hizo, mtoto hatakuambia ukweli tena na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo.

Kwa hiyo, kabla ya mtoto wa kwanza, kaa na mkuu wa makao na afisa ustawi mkubaliane kwa maandishi. Kadi ibebe namba, si jina. Orodha ya namba na majina ikae kwenye kabati jingine. Habari za tuhuma zisiandikwe kabisa kwenye kadi: wapi, lini, na nani, hata kama mtoto anazitoa mwenyewe. Maswali yanayogusa makosa, kama lile la kuchukua vitu, yasiulizwe mpaka kesi iishe. Yaache wazi na uandike "halikuulizwa", usiweke sifuri. Ningependelea mtu wa kutibu awe tofauti na mtu wa kuandika ripoti ya mahakama. Pale mtaalamu ni mmoja tu, na mara nyingi ndivyo ilivyo, amwambie mtoto siku ile amevaa kofia ipi.

Maneno ninayotumia ni haya, na nayasema kabla ya swali lolote: "Majibu yako yanabaki kwangu na kwa wenzangu wanaokutibu. Hayaendi polisi wala kwa hakimu. Ila ukiniambia unataka kujiua, au kuna mtu anakuumiza humu ndani, hapo sitanyamaza, nitatafuta msaada, na wewe ndiye utakuwa wa kwanza kujua nimemwambia nani." Kisha mwambie ayarudie kwa maneno yake. Asipoweza kuyarudia, hajaelewa.

Ridhaa ya mzazi au mlezi itafutwe, lakini ya mtoto mwenyewe ndiyo inayofungua mdomo wake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Taarifa za afya za mtoto ni katika zile zinazolindwa zaidi. Kama unataka kuchapisha utafiti, hapo inaingia kamati ya maadili, na kwa Tanzania ni ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au ya chuo chako. Usianze kukusanya kwa ajili ya huduma halafu katikati ukageuza kuwa utafiti.

Hatua ya 2: Tenga vikapu vinne, usivichanganye

Huduma ya watoto walio mikononi mwa sheria ina mabwana wengi. Hakimu anataka kujua kama mtoto atarudia kosa. Mama anataka mwanawe alale usiku. Mtoto anataka kurudi darasani. Wote wana haki, lakini majibu yao hayajumlishiki. Gawa matokeo katika vikapu vinne.

Kikapu cha kwanza ni dalili: usingizi, hofu, sonona, kusikia sauti, kifafa, kujidhuru. Cha pili ni maisha: anasoma? ana mtu mzima mmoja wa nje anayemtafuta? ana pa kwenda akitoka? Cha tatu ni usalama: kupigana, kutishia, kutoroka, na baadaye kukamatwa tena. Cha nne ni namna sisi tulivyomtendea: mara ngapi alifungiwa peke yake, mara ngapi alishikwa kwa nguvu, mara ngapi alichapwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kulinda watoto walionyimwa uhuru, za 1990, zinakataza viboko, chumba cha giza na kumfungia mtoto peke yake kama adhabu. Kikapu hiki cha nne ndicho watu hukisahau. Huduma inayopunguza vurugu kwa kufungia watoto zaidi itaonekana imefaulu kwenye kikapu cha tatu, na cha nne peke yake ndicho kitakachosema bei iliyolipwa.

Ukipata mtoto ambaye dalili zimepungua, maisha hayajasogea na matukio yameongezeka, andika hivyo hivyo. Ukijumlisha kupata alama moja, umeifuta habari muhimu kuliko zote.

Hatua ya 3: Chagua vipimo vichache, na ujue mtego wa kila kimoja

Nimeona vituo vikianza na madodoso manane na kuishia na kabati la karatasi tupu. Vinne au vitano vinatosha.

SDQ ni dodoso la maswali 25 kuhusu hisia na tabia za mtoto, lililotungwa na Robert Goodman wa Uingereza na kuchapishwa 1997. Lina tafsiri ya Kiswahili. Maswali 20 yanajumlishwa kupata alama ya shida kuanzia 0 hadi 40. Matano yaliyobaki yanahusu wema kwa wengine na hayaingii kwenye jumla hiyo. Kijana wa miaka 11 hadi 17 anaweza kujibu mwenyewe. Mtego wake uko kwenye muda: fomu ya mwanzo inauliza miezi 6 iliyopita, ya ufuatiliaji inauliza mwezi mmoja. Mtoto aliyekaa ndani miezi 2 ukimpa tena ile ya miezi 6, anakujibu kuhusu maisha ya mtaani na wala si kuhusu tiba yako. Mtego mwingine ni viwango vyake vya "kawaida" na "si kawaida". Vile vinavyozunguka mtandaoni vilipatikana kwa watoto wa Uingereza. Mimi sivitumii kumpa mtoto wetu jina la ugonjwa. Natumia mabadiliko ya alama zake mwenyewe.

PHQ-9 hupima sonona kwa maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27. Alama zikishuka kwa 5 au zaidi, kwa kawaida hayo huhesabiwa kuwa mabadiliko yenye maana kwa mgonjwa. Swali la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujiumiza. Lisome kabla mtoto hajainuka kitini. Nilishakuta kituoni rundo la fomu zilizojazwa Jumatatu zinasubiri kujumlishwa Ijumaa, na mojawapo ina "karibu kila siku" kwenye swali hilo. Hakuna aliyekuwa ameiona. Mtoto alikuwa salama, lakini nilipotoka nje miguu ilikuwa inatetemeka.

HoNOSCA ni kipimo cha hali ya jumla ya mtoto, na hujazwa na mtaalamu, si mtoto. Ina vipengele 13 vya msingi, kila kimoja 0 hadi 4, na huangalia wiki 2 zilizopita. Inafaa sana kwa mtoto asiyetaka kuongea. Lakini mahabusu ina mtego ambao ni lazima uujue: kipo kipengele cha pombe na dawa za kulevya, na kipo cha utoro shuleni. Mtoto aliyekuwa anavuta gundi mtaani na kukimbia shule akifungiwa tu, vipengele hivyo viwili vinashuka hadi 0 bila wewe kumtibu chochote. Kwa hiyo toa jumla mbili, moja yenye vipengele vyote na nyingine bila hivyo viwili. Ya pili ndiyo inayoanza kusema habari za tiba.

Kifafa kinastahili daftari lake. Watoto wengi huletwa na historia ya kuanguka, na wakati mwingine degedege la usiku au dakika chache za kuduwaa huandikwa kuwa ni ukaidi. Hesabu: mara ngapi kwa mwezi, saa ngapi, dawa alimeza au hakumeza. Ni kipimo rahisi kuliko vyote na mara nyingi ndicho kinachobadilisha tiba haraka zaidi.

Kila kadi iwe na nafasi ya dawa: jina, kipimo, na tarehe ilipobadilishwa. Alama za dalili bila dawa pembeni hazisomeki.

Kuhusu vipimo vya hatari ya vurugu: upo mwongozo uitwao SAVRY, uliotengenezwa Amerika ya Kaskazini kwa vijana wa miaka 12 hadi 18. Una vipengele 24 vya hatari na 6 vya kinga. Watengenezaji wake hawakuweka alama ya kukatia. Mtaalamu anatoa uamuzi wa hatari ndogo, ya kati au kubwa baada ya kupima kila kitu. Kati ya vile 24, vipengele 10 ni vya historia. Mtoto aliyepigwa na baba akiwa na miaka 5 atabaki amepigwa hata akiwa na miaka 50. Ukitumia historia kupima maendeleo, unamfunga kwa jambo alilotendewa. Kama kituo chako kimepata mafunzo ya kipimo cha aina hii, fuatilia vipengele vinavyoweza kubadilika: hasira, marafiki, bangi na gundi, usimamizi wa mzazi, na vile vya kinga. Kama hakijapata, usibuni toleo lako kutoka picha za mtandaoni.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mpe mtoto vizibo 10 vya soda. Mwulize: ni jambo gani moja mpaka matatu ambayo yakiwa tofauti, utajua umepata nafuu? Andika kwa maneno yake, usiyasafishe. Wamewahi kuniambia "nilale bila kumuona yule mzee", "mama aje", "nisirushe ngumi nikiitwa chokoraa". Kisha kwa kila lengo, aweke mezani vizibo vinavyoonyesha amefika wapi leo, kuanzia sifuri mpaka kumi. Unaandika namba. Wiki mbili baadaye, vizibo tena. Mvulana mmoja aliyekuwa hajawahi kushika penseli aliviweka vizibo vitatu, akavitazama, akarudisha kimoja mkononi. "Mbili na kidogo," akasema. Hakuna dodoso lililowahi kunipa jibu makini kiasi hicho.

Hatua ya 4: Jaribu Kiswahili chenyewe

Tafsiri rasmi ni mwanzo tu. Mtoto wa Kariakoo, wa Korogwe na wa ndani ya Sumbawanga hawasikii neno moja kwa namna moja. "Sonona" ni neno letu wataalamu. Watoto wanasema "nina mawazo", "nawaza sana", "moyo unaenda mbio", "kichwa kimejaa". Wengine watakuambia wanasumbuliwa na jini, na hapo usikimbilie kuandika kichaa: uliza linakuja lini, linafanya nini, nyumbani walifanya nini.

Usibadilishe maneno ya dodoso unavyojisikia, maana kipimo kikibadilika katikati huwezi kulinganisha. Fanya hivi badala yake: wasomee watoto watano, na baada ya kila swali uliza, "Hapo nimekuuliza nini?" Pale wanapopotea, timu yote ikubaliane maelezo mamoja mafupi ya kuongeza, yaandikwe kwenye karatasi, na kila msomaji ayatumie hayo hayo. Msomee kila mtoto kwa sauti, hata anayejua kusoma, ili asiyejua asiaibike. Mlezi wa zamu asikae chumbani. Kama mtoto anaongea Kisukuma au Kihehe vizuri zaidi, mkalimani awe mtu wa nje. Mahabusu mwenzake hafai kwa kazi hiyo.

Kwa vipimo vinavyojazwa na wataalamu, fanya zoezi la watu wawili. Watoto 10 wa kwanza wajaziwe HoNOSCA na watu wawili bila kuzungumza. Tofauti ya zaidi ya alama 1 kwenye kipengele chochote, kaeni muulizane kwa nini. Msipofanya hivyo, mabadiliko mtakayoyaona mwezi wa tatu huenda ni ya zamu za wauguzi na wala si ya mtoto.

Hatua ya 5: Panga ratiba ambayo dhamana haiwezi kuivuruga

Siku ya kuingia usipime matokeo. Siku hiyo uliza mambo ya uhai: majeraha, mawazo ya kujiua, kifafa, ujauzito kwa msichana, arosto ya dawa za kulevya, dawa alizokuwa anameza. Basi. Mtoto aliyetoka kulala kituo cha polisi akijibu SDQ atakupa picha ya usiku ule.

Kipimo cha mwanzo kifanyike kati ya siku ya 5 na ya 10, kisha kirudiwe wiki moja baadaye kabla ya tiba yenyewe kuanza. Watu wengi huniuliza kwa nini mara mbili. Kwa sababu watoto huletwa kwetu wakiwa katika hali mbaya kuliko zote, na hali mbaya kuliko zote kwa kawaida hupungua yenyewe. Tena, mtu akijibu dodoso mara ya pili huwa anaweka alama chache kuliko mara ya kwanza. Ukiwa na vipimo viwili kabla ya tiba, unaiona nafuu ya bure, na hutajipa sifa nayo. Kama hali haitaki kungoja, mfano mtoto anasikia sauti zinazomwamuru, tibu mara moja, ratiba itasubiri.

Baada ya hapo: vizibo kila wiki 2, PHQ-9 na kifafa kila mwezi, SDQ ya ufuatiliaji na HoNOSCA kila miezi 3 au mtoto anapojiandaa kutoka. Mahabusu ina kawaida moja inayovunja mipango yote: mtoto huenda mahakamani asubuhi na harudi, amepewa dhamana au kesi imefutwa. Ndiyo maana vizibo ni vya kila wiki 2. Ukisubiri kipimo kimoja cha mwisho, nusu ya watoto wako watabaki na mwanzo tu.

Hatua ya 6: Hesabu kwa uaminifu

Hesabu hizi zinafanyika kwa simu. Namba ninazotumia ni za mfano.

Anza na matukio ya vurugu. Mwezi wa Machi makao yana watoto 22 kwa siku 31, matukio 9. Mwezi wa Juni kuna watoto 14 kwa siku 30, matukio 7. Ukitazama juu juu, vurugu zimepungua. Sasa gawanya kwa siku ambazo watoto walikuwepo. Machi: 22 mara 31 ni 682; 9 gawanya kwa 682, zidisha kwa 1,000, unapata 13.2. Juni: 14 mara 30 ni 420, 7 gawanya kwa 420, zidisha kwa 1,000, unapata 16.7. Vurugu zimeongezeka. Hesabu hiyo hiyo itumie kwa kufungiwa peke yake na kushikwa kwa nguvu. Na angalia kama matukio yote ni ya mtoto mmoja. Hapo shida ni ya mtoto huyo kukosa msaada, na makao yote hayana haja ya kubebeshwa lawama.

Pili, je, mtoto fulani amebadilika kweli, au alama zimecheza tu? Kila dodoso lina mtikisiko wake. Watafiti Jacobson na Truax walitoa njia ya kuupima mwaka 1991, na bado ndiyo inayotumika. Unahitaji vitu viwili: mtawanyiko wa alama katika kundi lako, yaani mkengeuko sanifu, na kiwango cha uthabiti wa dodoso, yaani linavyotoa jibu lile lile likirudiwa. Tuseme mkengeuko ni 6 na uthabiti ni 0.80. Toa 0.80 kwenye 1, inabaki 0.20, kipeuo chake cha pili ni 0.447, zidisha kwa 6 upate 2.68. Zidisha tena kwa 1.414 upate 3.79, halafu kwa 1.96 upate 7.4. Maana yake, mabadiliko yasiyofika 7.4 huenda ni mtikisiko tu: mtoto aliyeshuka kutoka 24 hadi 19 kwenye SDQ huwezi kuapa kuwa amebadilika. Aliyeshuka kutoka 24 hadi 15 unaweza. Kila mtoto mweke katika moja ya makundi matatu: amepata nafuu, hajabadilika kwa uhakika, amezidi kuumwa. Kundi la tatu liripotiwe kwa sauti ile ile kama la kwanza.

Wastani wa kituo kizima uogope. Ukiwa na watoto 20, mtoto mmoja ni asilimia 5. Andika "watoto 7 kati ya 20". Usiandike "asilimia 35" peke yake.

Hatua ya 7: Mfuate mtoto nje ya geti

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo inapoachwa. Kabla hajatoka, chukua namba za simu tatu: ya mlezi, ya jirani, na ya mtu mwingine ambaye mtoto mwenyewe anasema atamjua alipo. Andika jina la mtaa au kijiji na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, lakini mwenyekiti asiambiwe mtoto anatibiwa nini. Omba ruhusa ya mtoto ya kumpigia, na mkubaliane utajitambulishaje mtu mwingine akipokea. Mimi hujitaja kwa jina tu.

Piga baada ya miezi 3, 6 na 12. Uliza mambo ya kikapu cha pili kwanza: unalala wapi, unasoma au unafanya kazi, nani anakupikia, dawa zimebaki ngapi. Vizibo vinawezekana hata kwenye simu; watoto huvikumbuka. Halafu uliza kama amepata matatizo na polisi, na fafanua mapema timu yenu inahesabu nini. Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo matatu tofauti. Mtoto anayelala stendi atakamatwa kwenye msako hata kama hakuiba, kwa hiyo kukamatwa peke yake wakati mwingine hupima umaskini. Siku zianze kuhesabiwa tangu alipotoka, na watoto walinganishwe kwa muda ulio sawa: aliyetoka wiki 6 zilizopita hawezi kuwekwa pamoja na aliye nje mwaka mzima.

Usiowapata waandike. Tuseme walitoka 20, umewapata 12, na kati yao 3 wamekamatwa tena. Taarifa nyingi zitasema "3 kati ya 12". Kweli kamili ni kwamba hujui ya wale 8. Ikiwa hakuna hata mmoja wao aliyekamatwa, kiwango ni 3 kati ya 20, asilimia 15. Ikiwa wote wamekamatwa, ni 11 kati ya 20, asilimia 55. Ripoti pande zote mbili. Inauma, lakini ndiyo njia ya kumshawishi mkurugenzi atoe vocha ya simu na nauli.

Na hata namba ikiwa nzuri, ujue vijana wengi huacha makosa wanapokua, bila kliniki wala dawa. Pasipo kundi la kulinganisha, sema "waliopita kwetu wako hivi". Usiseme "tumewaponya".

Hatua ya 8: Irudishe namba kwa wenyewe

Wa kwanza kuona mchoro ni mtoto. Chora mstari wa vizibo vyake kwenye kadi, umwonyeshe, na umwulize hapa uliposhuka kulitokea nini. Msichana mmoja aliniwekea kidole kwenye shimo la wiki ya sita. "Hapa ndipo mlezi wa usiku alibadilishwa." Kwenye faili letu hakukuwa na neno lolote kuhusu jambo hilo. Tukafuatilia siku ile ile.

Wa pili ni timu. Nusu saa kwa mwezi, kadi zote mezani, mkianza na wale wasiobadilika na waliozidi kuumwa. Kwa kila mmoja uliza: dawa ni sahihi na anaimeza? Anaona vizuri, anasikia vizuri? Kuna anayemwonea bwenini? Amepata mgeni mwezi huu? Nimeona alama za sonona zikikataa kushuka miezi miwili, kisha zikaporomoka wiki ambayo bibi alifika kutoka kijijini na kikapu cha mihogo. Hesabu ya wageni iwe kwenye kadi.

Hakimu hapewi kadi. Akihitaji maelezo, andika aya fupi isiyotabiri: "Mtoto amehudhuria vikao 9 kati ya 10. Usingizi na hali ya moyo vimeboreka kwa kiwango kinachozidi mtikisiko wa kipimo. Anahitaji kuendelea na dawa ya kifafa kila siku na kliniki kila mwezi. Shangazi yake amekubali kumsindikiza." Maneno kama "hatarudia kosa" au "ni hatari kwa jamii" hayatokani na kadi hizi, na ukiyaandika, utakuwa umemfunga au umemwachia mtoto kwa kubahatisha.

Baada ya miezi 6, timu nzima ikae na fomu zote. Kila swali liulizwe: jibu lake liliwahi kubadilisha uamuzi wowote, dawa, chumba, ziara ya nyumbani? Vipengele vya dodoso sanifu viacheni vilivyo. Lakini katika maswali mliyoyaongeza wenyewe, lile ambalo halijawahi kubadilisha kitu lifuteni siku hiyo hiyo, na dakika zake mpeni mtoto azungumze.